Gari Lililokuja Makutano Limefunikwa

Gari lilifika Makutano, hapa Meru, asubuhi moja ya ukungu, limepakiwa juu ya lori na kufunikwa turubai la kijani, kama ng'ombe mgonjwa ambaye mwenyewe hataki majirani wajue anapelekwa wapi. Mwanamume wa makamo alishuka kwenye lori, akatazama barabara pande zote mbili, halafu akaingia kwenye yadi yetu iliyo nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi.

"Namtafuta fundi wa kumalizia rangi," alisema.

"Umempata."

Alinitazama kuanzia buti mpaka kitambaa cha kichwa. Nimezoea. Mimi ndiye mwanamke pekee kwenye ile yadi, na kila mteja mpya lazima anipime kwanza.

Watu wengi hawajui kama kuna kazi kama yangu. Wanadhani gari likishapuliziwa rangi limekwisha. Lakini juu ya rangi hupulizwa tabaka lisilo na rangi, tunaloliita klia, na klia ikikauka huwa na vumbi, vipele, pengine michirizi pale ilipomwagika nyingi. Mimi nachukua msasa laini sana, nauloweka kwenye ndoo ya maji yenye tone la sabuni, na kusugua gari lote mpaka mng'aro wake ufe kabisa, libaki limefifia kama sahani ya bati ya zamani. Baada ya hapo ndipo naleta mashine na dawa, na mng'aro unarudi, safari hii umetulia kama maji ya beseni. Wenye magari huwa hawapendi kutazama ile sehemu ya kwanza.

"Hili gari linatembea?" nilimuuliza.

"Linatembea vizuri sana."

"Sasa mbona umelibeba?"

"Vumbi," alijibu, haraka kidogo kuliko inavyofaa.

"Umetoka nalo wapi?"

"Embu."

Embu kuna mafundi. Chuka, njiani, kuna mafundi. Mtu hawezi kuwapita wote hao na kupandisha gari zima juu ya lori mpaka Meru kwa sababu ya vumbi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeng'arisha gari la mtu mpole, mwenye salamu nyingi, na wiki iliyofuata nikaitwa kituo cha polisi kueleza lilifikaje mikononi mwangu. Nilishinda pale kwenye benchi siku nzima nikieleza jambo lile lile kwa watu tofauti. Nilipoachiliwa niliapa kwamba gari lolote litakaloingia kwangu nitaliuliza maswali kabla ya kuligusa.

Walipolishusha na kuvua turubai, maswali yaliniponyoka.

Lilikuwa Pijo ya zamani, ile ndefu ya familia, lakini mtu alikuwa ameishika kwa mikono yake na kuifanya kitu kingine. Mabawa ya juu ya magurudumu yalikuwa yamepanuliwa kwa chuma kilichogongwa taratibu. Bampa zilikuwa zimeondolewa na mkia kuviringwa. Na rangi! Nyekundu ya kahawa mbivu ikiwa bado mtini, na ndani yake vumbi la dhahabu lililoonekana tu pale jua lilipotoboa ukungu. Sijawahi kuona rangi iliyochanganywa vile. Jirani yangu, mzee mchomeleaji ambaye hutumia nusu ya yadi, alizima mashine yake akaja kusimama kando yangu.

Kisha nikainama na kutazama ubavu wa gari kwa mshazari, jinsi tunavyofanya, na moyo ukashuka. Klia ilikuwa imekauka na vinundu kama ganda la chungwa. Pale juu ya gurudumu la nyuma ilikuwa nene, imechuruzika. Kwenye boneti ilikuwa nyembamba hivi kwamba mahali pengine ilikuwa kama haipo.

"Kuna masharti," yule mwanamume alisema. "Namba za gari ziendelee kufunikwa. Mtu asipige picha. Na mlango wa mbele wa kushoto usiguswe."

"Usiguswe vipi?"

"Usiusugue. Usiung'arishe. Uache kama ulivyo."

"Gari lote ling'ae, mlango mmoja ubaki na vipele?"

"Wewe fanya hivyo tu, fundi."

Aliacha namba yake ya simu, akasema amepanga chumba mjini na atakuwa akipita. Hakuniachia ufunguo. Alipotoka, mchomeleaji alitema mate kando na kusema, "Hilo gari lina mwenyewe, na mwenyewe si huyo."

Nilianza na boneti, kwa sababu ndiyo iliyonitia hofu zaidi. Msasa wa maji haukimbizwi. Unauzungushia kibao cha raba, unasugua kwa mstari, unamwagia maji, unasikiliza. Mwanzoni msasa unakwaruza kwa sauti ya mchanga. Vinundu vikiisha, sauti inakuwa ya karatasi juu ya kioo. Maji yanayotiririka yanakuwa meupe, mepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Huo weupe ndio usalama wako. Yakianza kuwa na rangi ya gari, umekwisha kuimaliza klia na sasa unakula rangi yenyewe.

Nilikuwa sijafika katikati nilipoona uzi mwekundu kwenye maji.

Niliacha papo hapo. Nilikausha kwa kipande cha raba na kutazama. Sikuwa nimekosea, pale klia ilikuwa imepita kama ukungu tu. Nilitafuta mahali pengine, nikakuta ile ile hali: ukanda mnene, ukanda mwembamba, ukanda mnene, kama mtu aliyekuwa akipaka ukuta gizani. Lakini nilipofungua milango na kutazama kingo za ndani, sehemu ambazo mafundi wavivu huziacha na mabaki ya rangi ya zamani, zilikuwa safi ajabu. Nilipitisha kiganja juu ya bati la ubavuni. Halikuwa na bonde wala kilima. Aliyenyoosha bati hilo alikuwa fundi wa mafundi. Aliyepuliza klia hiyo alikuwa mtu mwingine kabisa.

Ndivyo nilivyofikiri, na hapo nikajipatia hadithi nzima. Gari la mtu fulani mwenye mapenzi nalo limeibwa. Mwizi amelibadilisha rangi haraka haraka, kazi imeharibika, sasa analileta mbali na kwao litengenezwe ili liuzike. Kila kitu kiliingia mahali pake. Hata turubai.

Yule mwanamume alipopita jioni, nilimwonyesha boneti. "Hapa siwezi kwenda chini zaidi. Aliyepuliza hii klia alikuwa amelewa?"

Uso wake ulibadilika kama mtu aliyechapwa kofi. Halafu akasema polepole, "Hakuwa amelewa."

"Basi alikuwa na haraka."

"Hakuwa na haraka yoyote. Fundi, nimekuomba kazi, si maneno."

Akaondoka bila kuaga. Mchomeleaji, aliyekuwa akijifanya anatafuta kipande cha chuma karibu yetu, alinitazama kwa jicho la nilikwambia.

Kesho yake alikuja na mtu mwingine, bwana mmoja mnene wa Kianjai, nilijua ametoka huko kwa sababu mchomeleaji aliwahi kumtengenezea geti. Yule bwana alikuwa na tochi ndogo. Alilala chini kwenye kipande cha katoni akamulika tumbo la gari, akagonga hapa na pale, akauliza kuhusu injini kwa sauti ya chini. Walipoona nawatazama walihamia upande wa pili.

"Huyo ni nani?" nilimuuliza mteja wangu baadaye.

"Rafiki."

"Rafiki anayelala chini ya gari?"

"Anapenda magari ya zamani."

Nilirudi kwenye ndoo yangu, lakini mikono haikuwa na utulivu, na kazi hii mkono usipotulia unaacha alama. Nilisugua paa nusu nikaacha. Macho yangu yalikuwa yakienda kila mara kwenye ule mlango wa kushoto. Ulikuwa mlango kama mingine. Vipele vile vile. Chini kidogo ya kitasa kulikuwa na mchirizi mmoja wa klia, mfupi, umeganda kama chozi. Mchomeleaji alikuja akaugonga kwa kifundo cha kidole, akagonga na wa pili upande wa kulia, akalinganisha.

"Huu una kitu ndani," alisema.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kitu."

Mimi sikusikia tofauti yoyote, lakini siwezi kusema sikutaka kusikia. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, yadi imepoa. Nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko cha ndani cha mlango, taratibu, nikiweka skrubu kwenye kifuniko cha kopo zisipotee. Nilimulika kwa simu. Mchomeleaji aliingiza kichwa chake mpaka kofia ikaanguka.

Hamkuwa na kitu. Chuma safi kilichopakwa dawa ya kutu, na kiungo kimoja cha kuchomelea ambapo bati la zamani lilikuwa limekatwa na kupachikwa jipya. Mchomeleaji alikitazama kile kiungo kwa muda mrefu. Alipitisha ukucha juu yake.

"Hii ni kazi ya nani?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na dharau katika sauti yake.

Nilirudisha kifuniko. Nilitegemea kwamba kutokuta kitu kungenituliza. Haikuwa hivyo. Kama hakuna kilichofichwa mlangoni, basi sharti lile halikuwa na maana, na jambo lisilo na maana ndilo linalonisumbua zaidi.

Ambalo sikujua ni kwamba mchomeleaji alikuwa ameshapiga picha ya gari siku ya kwanza na kuiweka kwenye simu yake, mahali ambapo kila anayemjua angeiona. Picha huwa na miguu yake. Ilipita kutoka simu hadi simu mpaka ikafika Nchiru, kwa mwanamke anayeuza chai na mandazi kwenye kibanda karibu na hosteli za wanafunzi. Yeye hakuhitaji kuona namba za gari. Aliitambua rangi.

Alikuja asubuhi, bado amevaa aproni chini ya sweta. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja kwenye gari akaweka mkono juu ya paa, ile nusu ambayo nilikuwa sijaisugua.

"Ndugu yangu yuko wapi?"

"Ndugu yako ni nani?"

"Aliyeleta hili gari. Ni la baba. Baba anaambiwa limepelekwa kurekebishwa magurudumu pale pale Embu. Na wewe unalifanya nini hapa?"

Basi, nilisema moyoni. Ni wizi, ila wa nyumbani. Nilimweleza nilichojua, pamoja na bwana wa Kianjai na tochi yake. Sikuona sababu ya kumfichia mtu aliyenificha kila kitu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono, halafu akasema amempigia baba yake, naye yuko njiani.

"Nani anamleta?"

"Hakuna. Amepanda gari la asubuhi peke yake. Amemwambia kondakta amshushe Makutano, nami nimsubiri hapo." Alisita. "Baba haoni vizuri. Anaona mwanga, anaona mtu amesimama. Uso hauoni."

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa, na sikuelewa. Nilikuwa bado nashughulika na mwizi wangu.

Alienda barabarani kumpokea, akarudi akimshika mzee mkono, ingawa mzee alikuwa akiuondoa kila baada ya hatua chache. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti la suti na viatu vilivyopigwa rangi. Alikuwa na mikono ya kazi yetu, ngozi imekauka kwenye vifundo na kucha zina mstari wa rangi usiotoka hata kwa petroli. Na nyuma yao, akiwa amekimbia kutoka upande wa stendi, alikuja mwanawe. Dada yake alikuwa amempigia simu.

"Baba, ngoja nikueleze," alisema akihema.

Mzee alinyoosha mkono, akatafuta, akalipata gari. Kiganja chake kilitua juu ya boneti niliyokwisha kuisugua. Alikipitisha polepole, toka ukingo mmoja hadi mwingine. Kisha akasogea mpaka kwenye paa, akapitisha pale niliposugua, akavuka mpaka pale ambapo sikuwa nimefika. Mkono ukasimama. Akarudi nyuma. Akavuka tena. Alifanya hivyo mara nyingi. Lori lilipita barabarani na kumaliza kupita.

"Hii yenye vipele," aliuliza, "ndiyo mimi?"

Mwanawe alitazama chini. Binti alianza kusema kitu kwa Kiembu, na kwa kuwa lugha yao na yetu ni majirani, nilielewa anamwambia wakae kwanza. Mzee aliinua kidole kumnyamazisha.

"Fundi yuko wapi? Aliyesugua hapa."

"Niko hapa, baba."

"Mwanamke?"

"Ndiyo."

"Sawa. Nimekuuliza. Hii ndiyo mimi?"

Ningeweza kumdanganya. Mwanawe alikuwa akinitazama kwa macho ya kuomba nidanganye. Lakini mtu hawezi kudanganywa kuhusu kitu alichokishika kwa kiganja.

"Ndiyo wewe, baba," nilisema. "Rangi yenyewe sijawahi kuona nzuri kama hii. Bati limenyooka kuliko la kiwandani. Lakini klia ilianguka vibaya. Mahali pengine nyingi, mahali pengine hakuna."

"Kila mahali?"

"Isipokuwa kingo za ndani. Huko ni safi."

"Huko nilipaka kwa brashi, kwa vidole," alisema, zaidi kwa nafsi yake. Alitafuta mahali pa kukaa. Mchomeleaji alimsogezea kiti chake mwenyewe, kile ambacho hamruhusu mtu yeyote kukikalia.

Mwanawe alichuchumaa mbele yake, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. Kwamba mzee alikuwa amepuliza rangi magari ya Embu maisha yake yote, na hili ndilo alilotaka kuwa la mwisho, lake mwenyewe. Kwamba macho yalikuwa yamezima alipofika kwenye klia, akaipuliza hivyo hivyo. Kwamba alipomaliza alikuwa na furaha, akimwambia kila mgeni aje aone linavyong'aa. Kwamba wageni walikuja, wakaona, wakasema limependeza, na walipofika barabarani wakacheka. Mafundi wote wa Embu walifundishwa na mzee au walishindana naye. Angelipeleka kwa yeyote kati yao, habari ingefika nyumbani kabla yake. Ndiyo maana ya Meru. Ndiyo maana ya lori na turubai, kwa kuwa makondakta wa njia hiyo wanalijua lile gari.

"Na mlango?" niliuliza. Sikuweza kujizuia.

"Baba akikaa kiti hicho, hutoa mkono dirishani, ukapita pale chini ya kitasa. Kuna mchirizi. Aliuona kwa kidole siku ile ile klia ilipokauka, akacheka, akasema hata fundi mkubwa lazima aache saini. Ungeutoa, angejua gari limeguswa."

Mzee hakucheka safari hii. Mimi nilisimama na ndoo yangu, nikiona aibu ya lile swali la ulevi. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu ambacho hakikulala. Maelezo ya yule mwanamume yalikuwa mazuri. Yalikuwa ya kweli pia, nilihisi hivyo. Ila hayakumgusa yule bwana aliyelala kwenye katoni.

"Na rafiki yako wa Kianjai?" nilisema.

Aliinuka. "Fundi, hilo si lako."

"Rafiki gani?" mzee aliuliza.

"Mtu alikuja kuangalia gari, Baba. Alisikia tu."

"Alisikiaje, na ulikuwa umelificha?" Huyo alikuwa dada yake.

"Kuna mtu nilimwambia, naye akamwambia. Analitaka. Sijamwambia ndiyo. Nilimwambia angoje."

"Angoje nini? Baba afe?"

"Angoje limalizike, nione Baba atasema nini!" Sauti yake ilipasuka. "Nani ataliendesha? Wewe uko Nchiru na mandazi yako. Mimi nina la kwangu. Litakaa pale likiliwa na kuku."

Mzee alinyoosha kiganja mbele, kikiwa wazi.

"Ufunguo," alisema.

Mwanawe aliutoa mfukoni akaushikilia kidogo, halafu akauweka kwenye kile kiganja. Mzee aliutia kwenye mfuko wa ndani wa koti. Kisha akavua koti lenyewe, akalikunja, akampa binti yake, na kuanza kukunja mikono ya shati.

"Unatumia msasa namba gani?" aliniuliza.

"Nimeanza na elfu moja na mia tano. Kwenye boneti nimeenda moja kwa moja elfu mbili."

"Umefanya vizuri kwenye boneti. Nipe kibao."

Sikutaka kumpa, na nakiri kwamba sababu haikuwa huruma. Nilimshuku. Nilidhani ataharibu kile kilichobaki, kwa hasira au kwa kiburi, na lawama iwe yangu. Nilimpa nikasimama karibu sana, maji mkononi, macho kwenye mtiririko, nikingoja uzi mwekundu.

Alianza na paa. Alisugua kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukafuata nyuma yake, kiganja kikisoma kila alipopita. Aliinamisha kichwa kama anayesikiliza mtu anayenong'ona. Mara alisimama, akasema, "Hapa pamebaki kidogo," akasogea kando. Nilikausha nikatazama. Klia hapo ilikuwa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na ilikuwa bado nzima. Maji yalibaki meupe mpaka mwisho wa paa.

Baada ya hapo tulifanya kazi pamoja, yeye akisugua, mimi nikimwagia maji na kumwambia yana rangi gani. Tulipofika mlango wa kushoto alipitisha kidole chini ya kitasa, akaupata mchirizi.

"Toa," alisema.

"Una hakika, baba?"

"Kama gari linasuguliwa, lisuguliwe lote."

Niliukata kwa wembe kwanza, nikasawazisha kwa msasa. Alingoja mpaka nimalize ndipo akahakikisha kwa kidole. Mwanawe alikuwa amekaa juu ya tairi mbali kidogo, mgongo kwetu.

Kung'arisha kwa mashine nilifanya mwenyewe siku iliyofuata. Mzee alilala Nchiru kwa binti yake. Mng'aro uliporudi, vumbi la dhahabu lilipanda juu kutoka ndani ya wekundu, na watu walisimama barabarani kutazama. Mzee hakuweza kuona yale waliyoyaona. Alisimama akielekeza uso kwenye gari, akamuuliza mchomeleaji, si mimi wala wanawe, "Vipi?" Mchomeleaji, mtu mgumu wa sifa, alisema, "Mzee, najiona mpaka meno yaliyong'oka."

Binti ndiye aliyeliendesha kurudi Embu. Mzee alikaa kushoto mbele, dirisha wazi, mkono nje. Mwanawe aliuliza kama kuna nafasi nyuma. Nafasi ilikuwepo. Mzee alisema, "Wewe tafuta gari la stendi," kwa sauti ya kawaida, kama anayemwelekeza mgeni. Yule mwanamume alilipa kilichobaki, akanishukuru kwa adabu, akaondoka kwa miguu. Mpaka leo sijui ni nini hasa kilichokuwa moyoni mwake. Pengine yote mawili yalikuwemo, kumficha baba yake aibu na kulitengeneza gari liuzike, na hata yeye hakujua lipi lilitangulia. Bwana wa Kianjai alikuja wiki iliyofuata na tochi yake, akakuta yadi tupu, akaniuliza maswali niliyomjibu kwa kusema sijui.

Masika yalipokwisha, binti alinipigia simu. Baba analalamika, alisema. Anasema fundi wa Meru aliacha alama ya mashine karibu na taa ya nyuma, na hawezi kulala.

Mtu hanitukanii kazi yangu kwa simu nikatulia. Nilibeba mashine, dawa na vitambaa, nikashuka mpaka Embu. Joto la kule lilinipokea kama mlango wa jikoni. Gari lilikuwa chini ya kivuli cha mabati, halina hata vumbi, kuku wamefungiwa mbali. Mzee alinipeleka mpaka taa ya nyuma akaweka kidole.

"Hapa. Duara duara. Unahisi?"

Nilipitisha kiganja. Niliinama nikatazama kwa mshazari, upande huu na upande ule. Nililisukuma gari nje kidogo ili jua lipige pale pale. Hapakuwa na kitu. Nilimtazama mzee, naye alikuwa ametulia, shati limekunjwa mikono tayari, ndoo ya maji na sabuni imewekwa kando ya mguu wake. Ndani, binti, aliyekuja kutoka Nchiru, alikuwa akipanga vikombe.

"Umehisi au hukuhisi?" aliuliza.

"Nimehisi, baba," nilisema, nikaloweka msasa.